Actium: jahazi lilizama kabla ya kung'oa nanga

Nicarchus alikuwa mtu wa Chaeronea, mji mdogo wa Ugiriki ya kati, na kisa chake tunacho kwa sababu kitukuu chake, Plutarch, alikuja kuwa mwandishi. Mwaka 31 KK watu wa Marcus Antonius walifika mjini kwao wakaamuru kila raia abebe kipimo cha ngano begani hadi bandari ya Anticyra. Nyuma ya msafara walitembea wenye viboko. Safari ya kwanza wakaimaliza, wakatua mizigo, wakarudi. Ngano ya safari ya pili ilikuwa imekwisha kupimwa, watu wanainama kujitwisha, ndipo habari ikaingia mjini: Antonius ameshindwa baharini. Wasimamizi na askari wakatimua mbio, na watu wa Chaeronea wakakaa chini wakagawana ile ngano.

Naanzia kwenye ngano makusudi, maana vita vya Actium vimezoeleka kusimuliwa kwa matanga. Hadithi yenyewe unaijua. Tarehe 2 Septemba 31 KK, kwenye mlango wa Ghuba ya Ambracia, magharibi ya Ugiriki, merikebu za Antonius na za Octavianus zikiwa zimeshikana, Cleopatra malkia wa Misri akatweka matanga akaondoka. Antonius alipoyaona yanakwenda, akawaacha watu wake wakifa, akamfuata. Mwaka haukupita wote wawili wakawa marehemu, na nasaba ya akina Ptolemaios, iliyokalia kiti cha Misri karibu miaka 300, ikang'oka. Barazani kisa hiki hufungwa kwa mguno tu: mwanamke huyo! Mimi siamini hata nusu yake. Nikizifuata habari zile zile walizotuachia waandishi wa kale, naona vita vilipotea miezi kadhaa nyuma, kwenye bandari ambayo wasimuliaji wengi hata hawaitaji, na kwamba tanga la Cleopatra ndilo jambo pekee siku ile lililokwenda kama lilivyopangwa.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa Warumi kwa Warumi. Julius Caesar aliuawa mwaka 44 KK, na wauaji wake walipokwisha kushughulikiwa, wakubwa wawili wakabaki kugawana dola: Octavianus, mtoto wa kupanga wa Caesar, akashika magharibi pamoja na Italia, Antonius, jemadari mzoefu aliyemzidi mwenzake miaka 20, akashika mashariki. Mashariki ndiko kulikokuwa na fedha, na penye fedha kuliko pote palikuwa Misri. Cleopatra alikuwa kwenye kiti tangu 51 KK. Alizaa na Caesar mtoto mmoja, Caesarion, kisha akazaa na Antonius watatu. Mwaka 34 KK Antonius akafanya sherehe kubwa Aleksandria, akawagawia watoto hao nchi za kutawala, nyingine hata hazijatekwa.

Roma ikanong'ona, na Octavianus akajua namna ya kuzitumia nong'ono. Mwaka 32 KK akauchukua wasia wa Antonius uliokuwa umewekwa amana kwa mabikira wa Vesta, mungu wa kike wa Warumi, akausoma hadharani. Kilichowachoma watu ni kifungu kimoja: Antonius anataka azikwe Aleksandria. Hapo vita vikatangazwa, ila vilitangazwa dhidi ya Cleopatra peke yake. Antonius hakutajwa. Kuanzia siku hiyo Mrumi yeyote aliyebaki upande wa Antonius alikuwa amejiunga na adui wa nchi kwa hiari yake, na Octavianus alikuwa hapigani tena na ndugu zake. Nimesoma matangazo mengi ya vita; sijui lililoandikwa kwa ujanja zaidi ya hilo.

Ujanja wake unaonekana ukijaribu kukaa kwenye kiti cha Antonius. Mwaka huo huo Octavianus alikuwa taabani. Hazina ilikuwa tupu. Akawatoza raia robo ya mapato yao, na watumwa walioachwa huru moja ya nane ya mali zao, Italia ikalipuka kwa fujo. Plutarch anasema kuchelewa kwa Antonius kushambulia msimu ule ni mojawapo ya makosa yake makubwa. Nakubali, ila kuchelewa huko kulikuwa na sababu. Angevuka kwenda Italia na malkia kando yake, angekuwa anathibitisha kila neno la Octavianus: Mmisri anakuja kututawala. Angemwacha nyuma, angevuka na nini? Cleopatra ndiye aliyeleta merikebu 200, talanta 20,000, na chakula cha jeshi. Maofisa kadhaa wa Kirumi walitaka arudishwe kwao. Canidius, jemadari wa jeshi la nchi kavu, akawaambia si haki kumfukuza mtu anayebeba gharama zote hizo. (Wabaya wake walisema amehongwa. Huenda. Hoja inabaki kuwa ya kweli.) Basi wakakaa Patras, mji wa Ugiriki, wakisubiri, majira ya baridi yakapita.

Sasa tazama ramani. Plutarch analihesabu jeshi la Antonius kuwa askari wa miguu 100,000, wapanda farasi 12,000, na merikebu za vita zisizopungua 500. Punguza utakavyo, maana wazee hawa walipenda namba nene, bado matumbo ni mengi, na ndani ya kila merikebu kubwa kuna mamia ya wapiga makasia wanaokula kuliko maofisa. Ugiriki, nchi ya milima na mashamba madogo, isingeweza kuwalisha. Chakula kilitoka Misri kwa bahari: vyombo vya shehena vilizunguka kusini mwa Peloponnese, rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki, vikapanda pwani ya magharibi bandari kwa bandari hadi Actium, kwenye mdomo wa ghuba, ambako sehemu kubwa ya merikebu zilikuwa zimetia nanga. Na pale kwenye kona ya kusini magharibi, ambapo kila chombo kinachotoka Misri lazima kipite, ndipo ilipo Methone. Ulinzi wake alikabidhiwa Bogud, mfalme wa Mauretania, kaskazini magharibi mwa Afrika, aliyefukuzwa kwao.

Mapema mwaka 31 KK, wakati ambao hakuna aliyemtazamia, Agrippa alivuka bahari ya wazi akatokea Methone. Marcus Agrippa alikuwa rafiki wa Octavianus tangu ujana na ndiye fundi halisi wa vita hivi. Miaka mitano kabla ya hapo alimsambaratisha Sextus Pompeius baharini huko Sicily, wakati bosi wake akitafuta pa kujificha. Methone ikaanguka, Bogud akauawa. Kwangu mimi vita viliisha hapo. Kilichofuata kilikuwa kukusanya madeni: kutoka Methone Agrippa alianza kuzivizia shehena, kisha akachukua Leucas, kisiwa kilicho puani mwa Actium, kisha Patras, kisha Corinth. Bandari moja baada ya nyingine, kama mtu anayefunga mabomba ya nyumba ya jirani. Na sasa unaelewa kwa nini Nicarchus na wenzake walitandikwa viboko. Jeshi linalolishwa kwa merikebu halihitaji mabega ya wazee wa Chaeronea. Siku linapoyahitaji, limekwisha.

Antonius na Cleopatra walianza kwa mzaha. Wakati macho yao yako kusini, Octavianus alivusha jeshi lake kaskazini na kukalia mahali paitwapo Toryne, neno ambalo kwa Kigiriki ni upawa. Watu wa Antonius wakaingiwa na wasiwasi, maana askari wao wa miguu walikuwa bado njiani. Cleopatra akacheka: kuna ubaya gani Kaisari (ndivyo Octavianus alivyojiita) akikalia upawa? Ni utani mzuri, utani wa jikoni, na ungechekesha zaidi laiti chunguni kungekuwa na kitu.

Octavianus akashuka akapiga kambi juu ya kilima upande wa kaskazini, penye upepo na maji. Antonius alikuwa upande wa kusini, kwenye rasi ya tambarare, mabwawa huku na huku. Miezi ya jua kali ikaingia. Waandishi wa kale wanataja maradhi kambini. Wanahistoria wa leo wanadhani ni malaria na kuhara damu, na msomaji wa pwani yetu hahitaji profesa wa kumweleza mbu hufanya nini kwa maelfu ya watu waliorundikana kando ya maji yaliyotuama, wanaokula nusu shibe. Wapiga makasia wakafa au wakatoroka. Manahodha wakatoka kwenda kukamata watu barabarani: wapita njia, waswaga punda, wavunaji, vijana ambao ndevu hazijaota. Hata hivyo viti vya makasia havikujaa. Mwishoni Antonius alizichoma moto merikebu zake mwenyewe kwa kukosa watu wa kuzivuta, na aliyekuwa na 500 kwa hesabu ya Plutarch akabaki na zisizozidi sana 200 kwa makadirio ya wanahistoria wengi, dhidi ya karibu 400 za Octavianus.

Njaa ikianza, uaminifu huwa wa kwanza kukonda. Mfalme Amyntas wa Galatia alihama na wapanda farasi 2,000. Domitius Ahenobarbus, seneta mzito aliyeongoza kundi la waliotaka Cleopatra aondoke, alijikokota na homa yake hadi kwenye kimashua kidogo akavuka kwa adui. Antonius akampelekea mizigo yake na watumishi wake, ungwana ambao bado unanigusa, na mzee yule akafa muda mfupi baadaye. Halafu kuna Dellius. Huyu Warumi walimbatiza jina la yule mpanda farasi wa sarakasi anayeruka kutoka mgongo mmoja hadi mwingine, kwa idadi ya mabwana aliowahama. Alikuwa amemuudhi Cleopatra mezani kwa kulalamika kwamba wao huku wanamiminiwa divai chachu wakati huko Roma kijana kipenzi wa Octavianus anakunywa Falerno, divai bora ya Italia. Akaondoka na mpango mzima wa mapigano kichwani. Divai chachu kwenye meza ya malkia tajiri kuliko wote duniani! Sijui ushahidi mwingine unaotakiwa kuonyesha kwamba njia ya bahari ilikuwa imefungwa.

Baraza la mwisho lilikuwa na rai mbili. Canidius, ambaye miezi iliyotangulia alimtetea Cleopatra, sasa alitaka malkia arudishwe, jeshi lirudi nyuma kuelekea Thrace au Makedonia na kupigana nchi kavu, ambako Antonius alikuwa na sifa. Cleopatra alitaka kutoka kwa bahari. Wengi wa wanaoandika juu ya Actium humpa ushindi Canidius kwa sababu anasema kiaskari. Lakini kufuata rai yake kungemaanisha kuziacha merikebu zote mikononi mwa Agrippa, na bahari yote pamoja nazo, na Misri ikiwa imelala mlango wazi. Na jeshi linalotembea kwenda milimani lingekula nini huko? Viwavi? Rai ya Cleopatra ilikuwa mbaya, ila ilikuwa nafuu: okoa merikebu zinazookoleka, okoa hazina, rudi Misri ukajipange upya.

Kwamba hiyo ndiyo iliyokubaliwa, ushahidi ni matanga. Merikebu za vita za siku zile zilipigana kwa makasia. Matanga na vifaa vyake viliachwa nchi kavu, kwani vilikula nafasi, vilikuwa vizito, na wakati wa kugongana vilikuwa balaa. Antonius akaamuru yapakiwe. Manahodha walipouliza, akawajibu kwamba asiponyoke adui hata mmoja wakati wa kuwafukuza. Jibu la kuwaridhisha mabaharia, na nadhani hakuna nahodha aliyeliamini. Hazina nayo ikapakiwa usiku, kimyakimya. Mtu anayekwenda kupigana hadi tone la mwisho hapakii sanduku la mahari.

Siku nne bahari ilichafuka. Siku ya tano ikatulia. Kabla ya kupanda, askari mmoja wa siku nyingi, mwili mzima makovu aliyoyapata katika vita vya Antonius, alimsimamisha jemadari wake akamuuliza kwa nini anayadharau majeraha haya na upanga huu na kutegemea magogo. Waache Wamisri na Wafoinike wapigane majini, akasema. Sisi tupe ardhi, ambayo tumezoea kuikanyaga tukifa au tukishinda. Antonius hakumjibu. Alimwashiria kwa mkono na kwa uso, kama anayemtia moyo, akapita. Angemjibu nini?

Mapigano yenyewe yaeleweke kwa upepo. Asubuhi pande zote mbili zilikaa zikitazamana, makasia yametulia. Aliyewahi kungoja jahazi Bagamoyo au Lamu anajua kukaa namna hiyo: huoni kitu kinatokea, ila kila mtu anatazama maji. Kwenye pwani ile upepo wa baharini huamka mchana na kuendelea kugeuka kadiri jua linavyoshuka, hadi unakuwa mzuri kwa anayetaka kwenda kusini. Antonius alikuwa anaungoja huo. Adhuhuri upande wake wa kushoto ukasogea, Agrippa akaanza kutanua safu yake ili azizunguke merikebu za Antonius, mstari wa katikati ukalegea. Nyuma ya katikati, zikiwa hazijagusa mtu, zilisimama merikebu 60 za Cleopatra. Upepo ukageuka. Matanga yakapanda, zikapenya kwenye ule mwanya, zikaelekea Peloponnese. Antonius akahama kutoka merikebu yake kubwa iliyokuwa imenaswa, akaingia ndogo, akafuata. Alipopandishwa kwenye chombo cha malkia hakwenda kumsalimu. Alikaa omoni peke yake, kichwa mikononi, siku tatu hadi Taenarum, ncha ya kusini ya Peloponnese.

Kama mpango ulikuwa kutoroka, basi ulifaulu nusu. Sitini zilitoka, hazina ilitoka, kamanda alitoka. Zilizobaki zilikuwa zimeshikana na adui kiasi kwamba hazikuweza kujinasua na kutweka. Zikaendelea kupigana hadi alasiri, na wengi ndani yake hawakujua kwamba mkubwa wao keshaondoka. Hapa ndipo ninapoachana na wanaomtetea Antonius kabisa. Kupanga kutoroka si dhambi. Kuwapakia askari 20,000 ndani ya merikebu bila kuwaambia kwamba wanapakiwa kwa ajili ya kutoroka, hilo ndilo lililowaua, maana mtu anayedhani anapigana ili ashinde hujifunga kwa adui, hatafuti mwanya. Hesabu ya waliokufa kwa Plutarch ni 5,000. Jeshi la nchi kavu lilikaa siku saba likikataa kuamini. Canidius akatoroka usiku, na asubuhi askari wakafanya biashara waliyoifanya kwa akili kuliko majemadari wao wote: wakajadiliana masharti, wakahamia kwa Octavianus.

Octavianus akajenga mji pale, Nicopolis, mji wa ushindi, na kwenye kilima alichopigia kambi akasimamisha ukuta wa ukumbusho uliopachikwa pembe za shaba zilizokatwa kwenye omo za merikebu alizoteka. Pembe zilikwisha kuyeyushwa zamani. Matundu yake kwenye mawe yapo hadi leo, zaidi ya 30, makubwa kwa madogo, na wataalamu wameyapima. Sitini za Cleopatra hazimo ukutani. Lakini mshairi Horace, akiandika si muda mrefu baada ya hapo, alisema ni kwa shida merikebu moja ya malkia ilinusurika moto. Moja! Mshairi ana ruhusa yake, ila tofauti kati ya moja na sitini inaonyesha Roma ilitaka kusikia nini.

Na si Roma tu. Kisa cha mwanamke aliyekimbia kilikuwa na wateja wengi. Octavianus alikihitaji kwa sababu kilithibitisha tangazo lake la vita: adui alikuwa mgeni, tena mwoga. Waliohama walikihitaji kuliko yeye. Kila seneta aliyekula kwa Antonius miaka kumi kisha akavuka usiku na mashua alipaswa kuwa na la kuwaambia wajukuu, na "sikuweza kuvumilia kutawaliwa na yule Mmisri" linapendeza kuliko "chakula kilikwisha." Hata Plutarch, aliyetuhifadhia ngano ya babu zake, matanga yaliyopakiwa na divai chachu, anapofika kwenye kutoroka anaviweka pembeni vyote hivyo na kusema roho ya mpenzi hukaa kwenye mwili wa mwingine. Shahidi wangu bora anapingana na hukumu yake mwenyewe, nami nachukua ushahidi wake na kuiacha hukumu.

Kuna kisa cha kunguru ambacho Macrobius, mwandishi wa Kirumi wa baadaye, anakisimulia, nami nakipenda kuliko mashairi yote ya ushindi. Octavianus akirudi kutoka Actium alikutana na mtu mwenye kunguru aliyefundishwa kusema: salamu Kaisari, mshindi, amiri jeshi. Akafurahi, akamnunua kwa sesterti 20,000, sarafu za Kirumi. Mwenzake yule mtu, ambaye hakupewa mgawo, akamwendea Octavianus akamwambia huyu bwana ana kunguru mwingine nyumbani, mwambie amlete. Akaletwa. Kunguru wa pili akasema alivyofundishwa: salamu Antonius, mshindi, amiri jeshi. Octavianus hakukasirika, aliagiza tu fedha zigawanywe kati ya hao wawili. Nadhani alielewa kwamba nusu ya watu waliokuwa wakimshangilia walikuwa na ndege wa pili nyumbani.

Wafalme wa mashariki walikuwa na ndege hao tele. Herode, yule yule wa Krismasi, alikuwa mtu wa Antonius kabisa. Baada ya Actium alikwenda Rhodes, akavua taji lake mbele ya Octavianus, akamwambia nilikuwa rafiki mwaminifu wa Antonius. Usitazame nilikuwa rafiki wa nani, tazama mimi ni rafiki wa namna gani. Akarudishiwa taji. Cleopatra hakuwa na njia hiyo. Yeye ndiye aliyetajwa kwenye tangazo.

Alirudi Aleksandria merikebu zimevikwa mashada kana kwamba ameshinda, ili aingie bandarini kabla habari hazijafika, na mara akaanza kazi. Antonius alijifungia kwenye kijumba kando ya bahari akiwakwepa watu. Malkia alikuwa akiburuza merikebu juu ya nchi kavu kuzipeleka Bahari ya Shamu. Hapa ndipo kisa kinapotugusa na sisi wa bahari hii. Alitaka kuondoka na hazina yake kwenda upande ambao Warumi hawakuufikia, na Caesarion alipelekwa kwa njia ya kusini ili avushwe kwenda India. Waarabu wa Petra, ambao mfalme wao alikuwa na kisasi na Cleopatra cha siku nyingi, wakazichoma zile merikebu. Baada ya Misri kuwa ya Warumi, mlango huo ulifunguliwa na wengine: Strabo, mwanajiografia aliyefika Misri miaka michache baadaye, aliambiwa vyombo 120 kwa mwaka viliondoka Myos Hormos, bandari ya Misri kwenye Bahari ya Shamu, kwenda India, ambapo chini ya akina Ptolemaios walithubutu wachache mno. Karne moja hivi baada ya Actium mfanyabiashara wa Misri aandikaye kwa Kigiriki akaeleza pwani ya Azania, pwani yetu, hadi soko la Rhapta lenye pembe za ndovu na vyombo vya kushonwa kwa kamba, ndugu wa mitepe. Laiti merikebu za Cleopatra zingefika majini, ukoo wake ungekuwa wa kwanza kuja kutafuta hifadhi kwenye upepo huu.

Mwisho wenyewe ulikuja haraka. Tarehe 1 Agosti 30 KK Antonius alisimama mlimani akatazama merikebu zake zikitoka Aleksandria kwenda kupigana. Zilipomkaribia adui ziliinua makasia kusalimu, zikajiunga naye. Wapanda farasi wakafuata. Akajichoma upanga. Siku chache baadaye Cleopatra akafa kwa mkono wake. Habari za nyoka nawaachia wanaozipenda. Caesarion akashawishiwa kurudi, akauawa, maana Caesar wawili ni wengi mno. Binti, Cleopatra Selene, aliozwa kwa Juba, mfalme wa Mauretania, nchi ile ile aliyofukuzwa Bogud wa Methone, na mtoto wao Ptolemaios alitawala huko hadi Caligula, mtawala wa Roma, alipomuua mwaka 40 BK.

Hazina iliyoponyoka Actium ikaingia Roma yote kwa mkupuo. Mikopo iliyokuwa ikitolewa kwa riba ya asilimia 12 ikashuka hadi theluthi ya hiyo. Misri haikufanywa jimbo kama mengine: Octavianus aliishika mwenyewe kupitia mtu wa daraja la chini ya seneti, na seneta hakuruhusiwa kukanyaga huko bila kibali chake. Aliyekuwa ameshinda vita kwa kuziba njia ya ngano hakutaka mwingine aisogelee.

Miaka ikapita, akawa Kaisari Augusto, yule wa Luka sura ya pili aliyetaka watu wa ulimwengu wote waorodheshwe. Mwaka 8 KK seneti ikaamua kuupa mwezi mmoja jina lake. Ikauchukua Sextilis, ambao sasa tunauita Agosti, na azimio lenyewe likataja sababu, mojawapo ikiwa kwamba ni katika mwezi huo Misri iliwekwa chini ya mamlaka ya watu wa Roma. Actium ilikuwa Septemba, mwezi aliozaliwa yeye mwenyewe, na Septemba ikaachwa na jina lake.